Kuku Tuliyemwahi kwa Kisu

Wete, Pemba

Mama Kulwa mke wangu,

Assalamu alaykum. Kabla hujasomewa zaidi, jua kwamba mimi mzima. Najua si adabu kujisema mwenyewe kwanza kabla ya kuuliza hali za wenyewe, lakini najua pia kwamba tangu siku ile ya simu hulali vizuri, kwa hiyo nimetanguliza hilo upumue. Nakula, natembea, na kifua kimetulia. Sasa ndiyo niulize: wewe hujambo? Kulwa na Doto hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje, na mvua za Urambo zimeshaanza au bado mnatazama mawingu? Mwambie Kulwa anayekusomea asome polepole, asiruke maneno, na Doto asimsukume.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ulilia, nami nikalia kidogo, halafu ikakatika. Mambo haya hayataki kukatika katikati. Utanisamehe mwandiko, darasa la tano siyo mbali, na vidole vyangu vimekakamaa kwa kutwanga.

Habari aliyowapigia Juma Sefu ni nusu kweli. Ni kweli nilifungiwa. Ni kweli watu wenye barakoa na glavu walikuja kunipima. Ni kweli Juma alisimama nje ya ua akaniita, nami nikampungia mkono tu kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimenibana. Lakini kwamba ugonjwa wa ndege umenila koo na sisemi tena, hayo kaongeza yeye. Unamjua Juma. Tulipokuja pamoja kuchuma karafuu aliwasimulia watu wa hapa kwamba mimi kwetu napanda miti kama nyani. Nilipopanda mkarafuu wa kwanza magoti yalitetemeka mpaka matawi yakatikisika, na mwenye shamba akapiga kelele chini: "Yakhe, huyo Nnyamwezi anachuma au anapiga ngoma?" Ndiyo maana msimu ulipokwisha nilishukuru kupata kazi ya chini, kazi ya kukanyaga ardhi.

Kazi yenyewe sijakueleza sawasawa. Nilikuwa nakujibu "vibarua" basi. Ukweli ni kwamba niko kwenye kituo kidogo nje ya Wete, njia ya kwendea Ole, wanakotafuta dawa ya mafua ya ndege. Huo ni ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, na mara chache humrukia binadamu, na ukimrukia hauna mchezo. Wanataka kujua kama majani yetu haya ya kila siku yana kitu kinachoweza kuzuia virusi vyake. Virusi vyenyewe havipo hapa, usiogope. Viko kwenye maabara kubwa huko bara, ndani ya chumba ambacho mtu haingii na nguo alizotoka nazo nyumbani. Sisi tunapeleka chupa za dawa. Wenzetu wa huko wanaingiza dawa na virusi kwenye mayai yenye vifaranga wachanga ndani, halafu wanaangalia nani kamshinda mwenzake.

Mimi nakata majani asubuhi kabla jua halijawa kali: mwarobaini, mlonge, mpera, kivumbasi, hata majani ya mkarafuu. Nayaanika kivulini, nayatwanga, nayaloweka kwenye spiriti, nachuja. Mashine ya kusagia iliharibika, na tangu iharibike mashine ni mimi. Mgongo jioni unakuwa kama mti uliopigwa shoka. Mikono imepata rangi ya kijani isiyotoka kwa sabuni, na harufu yake, ukija kunikumbatia, utadhani umekumbatia mganga.

Pamoja nami yuko Mzee Faki, mlinzi, mtu wa Ole, anayekuja na baiskeli iliyozeeka kuliko yeye. Yuko Bi Mize, mjane, anayetupikia. Na mkubwa wetu ni Daktari Salha, binti wa hapa hapa Wete, aliyesomea mifugo. Anatembea haraka na anaendesha pikipiki na hijabu yake ikipepea nyuma, wazee wanabaki kusema lahaula.

Sasa nikuingize kwenye jambo lenyewe.

Kijiji kimoja cha upande wa Micheweni kuku walianza kufa ghafla. Jioni wazima, asubuhi wamelala vichwa vimepinda. Daktari Salha akaenda, akachukua damu na makamasi ya kuku, akayapeleka bara kwenye ile maabara, wakaangalie kama ni mafua ya ndege. Kuku wachache waliosalia akawaleta kituoni akawaweka kwenye banda la nyuma, mbali na kuku wengine. Akatuambia wote watatu tumesimama: banda lile anayeingia ni mmoja tu, mimi Ramadhani, na niingie na glavu, buti na barakoa. Kuku akifa asiguswe, aitwe yeye.

Kuku akifa. Hayo ndiyo maneno aliyoyatumia, na Mzee Faki aliyasikia vizuri.

Siku ya tukio Daktari alikuwa Chake Chake kwenye mkutano. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali kutafuta kivumbasi, nikarudi mchana nikiwa hoi, gunia begani, njaa imenishika mpaka masikio yanalia. Kabla sijatua mzigo harufu ya nazi ikanipokea. Bi Mize akanipa ndoo: "Nchukulie hii ukamwage shimoni, mwanangu, kisha njoo ule, leo tumeneemeka." Ndoo ina manyoya na maji yenye damu. Nikaenda kumwaga, mikono mitupu, nafurahi kama mtoto. Bi Mize ana kuku zake wachache kwao, nikajua kachinja mmoja kwa ajili ya jambo lake. Nikala muhogo wa nazi na paja la kuku. Mzee Faki akala shingo na mgongo, anapenda mifupa ya kufyonza.

Baada ya kula nikavaa buti na glavu nikaenda kuwapa maji kuku wa nyuma. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikainama kutazama chini ya kichanja.

Nilirudi jikoni mbio. Nikauliza, "Bi Mize, leo tumekula kuku wa nani?"

Bi Mize akamtazama Mzee Faki. Mzee Faki akajikuna ndevu kwa raha, hana habari. "Yule jogoo mwekundu wa banda la nyuma," akasema. "Nimepita nje ya wavu nikamwona kaanguka, anatupa miguu. Nikasema huyu anakufa. Nikamwahi. Roho yake imo, damu imeruka kama kawaida, na bismillahi nimesoma. Halali kabisa."

"Mzee, si tuliambiwa tusiguse?"

"Tumeambiwa akifa asiguswe. Huyu hajafa. Ningengoja afe ndiyo awe mzoga?"

Mama Kulwa, ungekuwapo ungemwelewa. Ndivyo tunavyofanya sote. Kuku akilegea hatumuulizi anaumwa nini, tunakimbilia kisu asitufie mkononi, maana akijifia ni haramu na ni hasara. Mama huko nyumbani ndiye bingwa, nimemwona akiruka ua na kisu. Mzee Faki hakuiba wala hakuasi. Alifanya kile alichofundishwa na baba yake, tena kwa haraka na kwa usafi. Ila kuku yule huenda alikuwa na kitu ambacho kisu hakikitoi.

Nikamweleza hivyo. Bi Mize ndiye aliyeanza kupiga kelele. "Faki! Mie nimemnyonyoa kwa mikono yangu hii! Nimempasua! Matumbo yake nimeyashika!" Kisha akaanza kunawa. Alinawa mpaka kipande cha sabuni kikawa kama ukucha, na bado ananawa.

Nikamwambia Mzee Faki nitampigia Daktari simu. Sikutaka kumchongea, lakini nilijua hili halifichiki. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Kisu kilikuwa changu, nami ndiye wa kusema." Akamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la roho imo. Tulisikia Daktari akiuliza kitu upande wa pili. Mzee Faki akajibu, "La, mwanangu, hajabaki. Hata miguu tumekula."

Daktari alifika jua halijazama. Hakufoka, na kutofoka kwake ndiko kulikonitisha. Alisimama mbali kidogo, barakoa usoni, akauliza nani kachinja, nani kanyonyoa, nani kamwaga uchafu. Alitueleza kwamba nyama iliyochemka vizuri siyo ya kuogopa sana. Cha kuogopa ni mikono iliyoshika damu na manyoya, kisha ikagusa macho au pua. Kwa hiyo sote watatu tumo. Akasema majibu ya bara bado. Mpaka yaje, hatutoki uani na hatumpokei mtu. Kila mmoja na chumba chake, chakula kinaletwa na kuwekwa kwenye jiwe mlangoni.

Watu wa afya wakaja na vijiti virefu, wakatutia puani. Bi Mize aliposhikwa kichwa akasema, "Weye kijana, huko ndani watafuta nini, kisima?" Hata yule kijana alicheka ndani ya barakoa yake.

Kucheka kuliishia hapo. Mimi nilianza kukohoa. Halafu mwili ukapata joto. Nikalala nikitazama bati na kusikiliza pumzi zangu, kila pumzi naipima kama ya mtu mwingine. Nilikuwaza wewe. Nilimwaza Doto, na mlango ule nilioahidi kuutengeneza unaoburuza chini. Nilijiuliza watanizikia wapi, maana maiti ya ugonjwa kama ule hawataipakia boti mpaka Dar, sembuse treni mpaka Urambo. Ndiyo siku alizokuja Juma Sefu nje ya ua. Sasa umeelewa kwa nini sikuweza kumjibu.

Na jambo lililonichoma zaidi ni hili. Chumba changu kimepakana na stoo. Ndani ya stoo kuna chupa za dawa zimepangwa, dawa ya ugonjwa ule ule ninaouogopa, niliyoitwanga kwa mikono yangu. Na ufunguo ninao.

Bi Mize naye aliliona hilo. Daktari alipokuja asubuhi kutupima joto, yeye akamvamia kutoka mlangoni kwake. "Salha mwanangu, mie nilikuwa jirani wa mama yako. Dawa mnayo humo ndani chungu nzima, mwatuachia tufe twaitazama?"

Daktari akasema, "Bi Mize, hatujui kama ni dawa."

"Hamjui! Basi huyu Ramadhani atwanga nini siku zote hizi?"

"Anatwanga ili tujue. Imejaribiwa kwenye mayai tu, haijajaribiwa kwenye tumbo la mtu. Na chupa zile zimelowekwa kwa spiriti kali. Ukinywa itakuunguza ini kabla ya ugonjwa kukugusa."

"Spiriti?" Mzee Faki akaitikia kutoka dirishani kwake. "Mie sinywi. Bora nife twahara."

"Hakuna anayekufa, Mzee."

"Umejuaje, na majibu hayajaja?"

Nilimwona Daktari, Mama Kulwa. Aliinamisha uso, akakamata kile kipimo chake cha joto kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na wazazi wake, "Hospitali wana dawa inayojulikana, nimeshawaomba, iko tayari. Mkipata homa kubwa mtapewa hiyo. Ile ya stoo, naapa, ningekuwa naiamini ningekuwa wa kwanza kuwapa."

Mchana huo nilifungua stoo. Sikufichi. Nilishika chupa ya mlonge nikaifungua, spiriti ikanipanda puani machozi yakatoka. Nikakumbuka mayai. Zipo dawa zetu ambazo, Daktari aliniambia zamani, ziliua kifaranga ndani ya yai kabla virusi havijamfikia. Na ya mlonge, sikujua ni miongoni mwa zinazoponya au zinazoua. Hakuna aliyejua. Nikaifunga. Nikarudi kulala na homa yangu.

Mzee Faki shida yake ilikuwa nyingine. Ijumaa ilifika tukiwa ndani. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa barabarani, na yeye amekaa kizingitini amevaa kanzu yake safi na kofia, hana pa kwenda. Aliniambia kupitia uani kwamba tangu abaleghe hajaikosa Ijumaa isipokuwa kwa safari. "Nimekimbilia kuku asiwe haramu," akasema, "nikajiharamishia msikiti." Nikamwambia aswali adhuhuri, nami nitaswali nyuma yake kutoka mlangoni kwangu. Tukaswali hivyo, yeye kizingitini kwake, mimi kizingitini kwangu, uwanja katikati, na Bi Mize upande wake anaitikia amina.

Majibu yalikuja siku ambayo homa yangu ilikuwa imeshaanza kushuka, lakini sikuthubutu kufurahi. Tulisikia pikipiki ikiingia kwa kasi. Daktari alishuka hata hajavua helmeti, akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti:

"Ni kideri! Siyo mafua ya ndege. Kuku wale wana kideri tu!"

Kideri ndio ule ugonjwa tunaouita mdondo huko kwetu, unaoua kuku kila mwaka na watu wanaendelea kuishi. Mzee Faki akauliza, "Kideri hiki hiki chetu?"

"Hiki hiki chenu, Mzee."

"Kile kilichonilia kuku wangu wote mwaka jana?"

"Ndicho hicho."

Mzee akasujudu pale pale kwenye mchanga. Alipoinuka paji la uso limejaa vumbi, akasema hakutegemea kama ataishi amshukuru Mungu kwa kideri. Bi Mize akatoka mbio na kanga moja, akamkumbatia Daktari mpaka helmeti ikamgonga kichwani, anacheka na kulia, "Mwana nlaanifu weye, si ungesema tangu mlangoni!" Vijiti vyetu vya puani navyo vilikuwa safi. Mimi ni mafua tu, yale ya mvua niliyonyeshewa nikitafuta kivumbasi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikavuta pumzi, na safari hii sikuipima.

Mzee Faki hakufukuzwa. Alijiandaa kufukuzwa, alikuwa ameshafunga kikoi chake na sufuria yake kwenye baiskeli. Daktari akamwambia kosa ni lake yeye Daktari, aliyesema "akifa" kwa watu asiowauliza kwao wanafanya nini kuku akilegea. Sasa kwenye banda la nyuma kuna kufuli, na amri mpya: kuku aliyelegea ni kama aliyekufa. Mzee anairudia kwa kila mgeni anayepita getini, hata kwa muuza samaki. Na Ijumaa iliyofuata aliwahi msikitini kabla ya muadhini. Siku ya kufunguliwa kwetu Daktari alituletea samaki, changu wa kukaanga. Hakuna aliyeuliza kwa nini siyo kuku.

Na dawa? Habari zake nazo zimekuja. Nyingi katika zile nilizotwanga hazikufanya kitu, virusi viliendelea na shughuli zao. Ila chupa mbili zimevipunguza nguvu ndani ya mayai bila kumdhuru kifaranga. Nikauliza ni majani gani. Daktari akakataa kunitajia. Anasema akiyataja, kesho Pemba nzima haitakuwa na mti wenye jani, na watu watakunywa hovyo wakati safari ya kuwa dawa ya kweli bado ndefu. Nilitaka kukasirika, maana yote mawili yamepita kwenye mchi wangu, lakini nikakumbuka siku ile mbele ya stoo, nikanyamaza. Kwa hiyo natwanga tena, mengi zaidi. Mgongo unalalamika, lakini natwanga kwa moyo tofauti kidogo.

Nitabaki hapa mpaka mkataba huu mfupi uishe, kisha nakuja. Mlango nitautengeneza kwa mkono wangu. Mpaka nije nakuomba jambo moja, na hili Kulwa alisome mara mbili, la pili kwa sauti ya bibi yake asikie. Kuku wenu wakianza kusinzia na kupinda shingo, msiwawahi kwa kisu. Waacheni wafe. Wazikeni kwa jembe, mikono imefungwa mifuko ya nailoni, na mkanawe kwa sabuni. Mwiteni bwana mifugo. Najua mama atasema ni kutupa riziki. Akibisha, mwambieni mwanawe alilala akisikiliza pumzi zake kwa ajili ya paja moja la kuku, na wala halikukolea chumvi.

Nisalimie mama yangu, nambusu ule mguu unaomuuma. Mjomba Shabani anayetulimia shamba la karanga, mwambie jembe lake nimelikumbuka. Shangazi Mwamvua aliyekesha na wewe ukilia, Mungu amlipe. Shemeji Haruni aliyepiga kelele kwenye simu, mwambie nimemsikia na masikio yangu yamepona. Kulwa kwa kusoma, na Doto kwa kusikiliza, wote nawashika vichwa. Juma Sefu nitamsalimia mwenyewe, kwa maneno yangu.

Lala usingizi sasa, mke wangu.

Mumeo,
Ramadhani, Baba Kulwa